Nje ya Mada

Mjomba Osmundi alitaka neno moja.
Daktari ni neno. Hakimu ni neno.
Hata bwana shamba, ingawa ni mawili, hutamkwa kama moja.
Mimi nikamletea fomu kutoka chuoni Mtwara
yenye orodha ndefu kama ya mahitaji ya harusi:
historia, fasihi, hesabu, mimea na wanyama,
muziki, saikolojia ya mtoto, uchoraji wa ramani.
Akasoma mpaka chini, akageuza karatasi
kuona kama neno lenyewe limeandikwa nyuma.

"Mshika mawili," akasema, na hakumalizia.
Methali nusu ndiyo inayouma.
Kisha akaenda chama cha msingi
na stakabadhi ya magunia kumi na moja,
na noti alizonipa za ada
zilinuka salfa hadi Shangani.

Miaka mitatu nimekuwa mgeni wa kila nyumba.
Wa hesabu wananiona mtu wa mashairi,
wa mashairi wananiona mtu wa chura aliyepasuliwa.
Usiku hosteli, umeme umekatika,
nakariri kwa tochi ya simu:
Majimaji, kipeo cha pili, irabu,
moyo wa chura una vyumba vitatu.
Wangu sikuuhesabu.

Kisha Mahuta, darasa la tano, mazoezi ya kufundisha.
Watoto themanini na wanne, madawati ishirini na moja,
gawanya mwenyewe.
Somo la siku: sehemu za ua.
Nimechora stameni, ovari, petali
kwa chaki ya manjano niliyoinunua kwa fedha yangu.
Shazili, wa nyuma kabisa, mwenye sweta ya shule nyingine,
akanyoosha kidole:

"Mwalimu, mbona korosho iko nje ya bibo?
Embe, kokwa ndani. Papai, ndani.
Korosho peke yake imelala nje.
Ilifukuzwa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Dakta Kihoza alikuwa amekaa karibu na mlango,
fomu ya alama juu ya goti.
Nilikuwa na jibu la mimea: bibo si tunda,
ni kikonyo kilichovimba; korosho hutangulia,
bibo huja baadaye, kama mtu aliyesikia harufu ya pilau.
Nilikuwa na jibu la historia: mti huu
ulikuja kwa merikebu za Wareno,
na mgeni hulazwa barazani.
Nilikuwa na la hesabu pia: kilo, makato, mnada wa pili.
Yote yakakimbilia mlango mmoja,
yakabanana,
hakuna lililotoka.

"Nyinyi mnaonaje?" nikauliza,
na ubao nikaupa mgongo.

Mmoja akasema bibi yake ana kisa chake
lakini hakisimuliwi mchana.
Mwingine akatuonyesha kiganja: mafuta ya ganda yanaunguza,
yangekuwa ndani, nani angekula bibo?
Shazili akafikiri sana, kisha akajijibu:
"Nadhani inachungulia bei."

Stameni hazikutajwa tena
mpaka rimu ya lori ilipogongwa kwa nondo.

Hamsini na nane.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
Mwalimu ametoka nje ya mada.

Nikaipeleka fomu shambani, sikuificha.
Mjomba aliisoma akiwa ameinama,
mkono mmoja ukiokota.
Nikamsimulia swali, nikajua atasema mshika mawili.
Hakusema.
Alishika bibo moja, jekundu, limepondeka ubavu,
akaligeuza, akaligeuza tena,
mtu aliyekonyoa korosho tangu hajaota ndevu.

"Enhe," akasema. "Na jibu ni lipi?"

"Unataka la somo gani, mjomba?"

Akatazama gunia, akatazama jua limebaki kiasi gani.
Kisha akakipindua kigoda,
akakung'uta mchanga,
akaketi.